Hospitali, ofisi binafsi, mchungaji au simu: nani atakaa nawe vizuri?

Watu ninaowafahamu Mbeya na Iringa walioanza ushauri nasaha wakaacha njiani, karibu wote hawalalamikii nauli wala foleni. Wanamlalamikia mtu. Mama mmoja wa Uyole alimuuliza mshauri wake kama naye amewahi kufiwa na mtoto, akajibiwa, "Kwa nini ni muhimu kwako kujua hilo?" Alirudi nyumbani akijiona mmbea. Kijana wa Ipogolo alikuwa katikati ya kilio, mshauri akapokea simu, akaongea na fundi wake wa gari, kisha akarudi na "Ehe, tuliishia wapi?" Dada mwingine alipishana na mshauri wake sokoni Mwanjelwa, akampungia mkono, mshauri akapita kama hajaona mtu. Na wapo ambao maneno yao waliyasikia tena kwa jirani.

Mtu akishayatoa ya moyoni, halafu akatendewa hivyo, anaumia mara ya pili, na safari hii anaumia kwa mtu aliyemfuata amsaidie. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuchagua kwa kuangalia jengo na vyeti ukutani. Cheti kinakuambia mtu amesoma nini. Hakikuambii atakuchukuliaje. Hapa nimeilinganisha milango minne ambayo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kuibisha: kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali, mwanasaikolojia mwenye ofisi yake mjini, kiongozi wa dini, na mshauri wa kwa simu au video aliyeko Dar es Salaam au kwingineko. Nimeilinganisha kwa matukio yanayotokea kweli kati ya watu wawili chumbani, na mwisho kwa swali moja: ukimwambia "siku ile uliniumiza," atafanya nini?

Kama wewe au mtu wako ana mawazo ya kujiua, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usikae kulinganisha. Nendeni hospitali leo, na asiende peke yake.

Kwa nini swali hilo

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba kazi ya mshauri na mteja inasimama juu ya mambo matatu: mmekubaliana mnakokwenda, mmekubaliana mtafanya nini ili mfike, na mnaaminiana. Kabla yake, mwaka 1957, Carl Rogers, naye mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameshasema mshauri anatakiwa awe mkweli asiyeigiza, amkubali mtu bila masharti, na aielewe hali yake kama mwenyewe anavyoiona. Baadaye mtafiti wa tiba ya mazungumzo Jeremy Safran na wenzake walichunguza kwa miaka mingi nyakati ambazo uhusiano huo unaingia ufa. Walichokiona kinafariji: ufa ukizungumzwa na kutengenezwa, unaweza hata kuisaidia tiba yenyewe. Ukifunikwa, mteja ananyamaza, anakuwa wa kuitikia tu "ndiyo, ndiyo", kisha siku moja haonekani tena.

Kwa hiyo mshauri kukosea si sababu ya kumkimbia. Akikosea ndipo unapomfahamu.

Salamu na umri

Huku kwetu heshima inaanza mlangoni. Mama wa miaka hamsini na tano ametoka Tukuyu, ameingia chumbani, amemkuta binti aliyemaliza chuo juzi. Binti hasimami, hatoi shikamoo, anaangalia karatasi: "Jina? Umri? Shida nini?" Baada ya hapo mama atajibu yote anayoulizwa, ila hatasema lililomleta.

Hospitali inapwaya zaidi hapa, na sababu ninazielewa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inapokea watu kutoka mikoa yote ya nyanda hizi, na mtu anayekuhudumia asubuhi ana mafaili mengine yamepangwa mezani. Lakini nimeona pia, humo humo hospitalini, muuguzi wa afya ya akili mwenye umri mkubwa akimshika mgonjwa mkono, akamuuliza ya nyumbani, akamsalimia kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, baada ya kusikia ametokea Kilolo, na mgonjwa aliyekuwa amefunga mdomo akaanza kuongea. Ukipangiwa mtu wa namna hiyo, uliza jina lake na siku zake za zamu, umfuate yeye.

Mchungaji au shehe hana shida kwenye salamu, ameishi nazo. Ofisi binafsi wengi ni wastaarabu, wakati mwingine mno, mpaka unajiona uko benki. Wa kwenye simu, wale wazuri huanza na swali fupi: "Ungependa nikuite nani?" Mama Fulani, Mwalimu, Dada, au jina lako la ubatizo. Mshauri anayeuliza hivyo ameshaanza kazi.

Nani anaongea zaidi

Ili kuelewa kwa nini washauri wengi wa kwetu wanaongea kuliko wanavyosikiliza, kumbuka neno ushauri nasaha limeingiaje vijijini kwetu. Limekuja na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa familia nyingi za huku, mshauri nasaha wa kwanza kumwona alikuwa yule wa kabla na baada ya kipimo, na kazi yake ilikuwa na maelekezo ya lazima: dawa unameza hivi, tarehe ya kurudi ni hii, mlete mwenzi wako. Kwa kazi ile, maelekezo yaliokoa maisha.

Shida ni pale mtindo ule ule unapopelekwa kwa mtu mwenye sonona, au aliyefiwa, au aliyebakwa. Anaambiwa "usiwaze sana", "samehe", "jishughulishe". Hayo alishaambiwa na shangazi yake bure.

Kwa kipimo hiki ofisi binafsi inaongoza. Muda ni wako, mara nyingi karibu saa moja, na mwanasaikolojia aliyefunzwa tiba ya mazungumzo amefundishwa kustahimili ukimya. Hospitalini, ukikutana na daktari wa magonjwa ya akili, tegemea maswali mengi ya haraka kuhusu usingizi, hamu ya kula na dawa. Ana sababu ya kuyauliza, ila hayo si mazungumzo ya kukuponya moyo, kwa hiyo omba upangiwe pia mshauri. Mchungaji anaongea zaidi kuliko wote. Si kosa lake, ndiyo kazi aliyoitiwa, lakini ukitaka mtu asikilize tu, mwambie kabla hajafungua Biblia: "Mchungaji, leo naomba unisikilize, maombi tutafanya mwishoni." Wapo wanaolipokea hilo vizuri sana.

Sitaki ieleweke kwamba anayesikiliza lazima awe na digrii. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye msongo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila bibi wale walifunzwa, na kuna wataalamu wanaowasimamia. Huku kwetu wenye roho ile ni WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaoshauri wenzao, waliopo kwenye kliniki za CTC zinazotoa dawa za VVU. Mtu anayeishi na virusi, anayekuambia "hata mimi nilikaa hapo ulipokaa," huwa anafika mahali ambapo mtaalamu hafiki.

Ukimuuliza habari zake

Hapa ndipo yule mama wa Uyole alipoumia, na nataka nikae kidogo.

Kwa desturi yetu huwezi kumpa mtu siri zako zote huku hujui hata kwao ni wapi. Unauliza ana watoto wangapi, ameolewa wapi, kanisa gani. Ndivyo watu wanavyojuana. Lakini shule za ushauri, kuanzia zile za Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya mazungumzo, zimefundisha kwamba mshauri akijaza chumba kwa habari zake, mteja anaanza kumtunza yeye, anachagua maneno, anaogopa kumkwaza. Kanuni hiyo ina akili ndani yake. Ubaya ni kuitumia kama rungu. "Kwa nini unataka kujua?" ikisemwa kwa sura kavu, mtu wa kwetu anasikia "umevuka mpaka, rudi kwenye nafasi yako."

Mshauri mzuri anaweza kulinda mpaka ule ule kwa namna nyingine: "Ndiyo, mama, nina watoto wawili. Naona umeuliza kwa sababu unataka kujua kama nitaelewa. Niambie, unaogopa sitaelewa nini?" Ametoa kidogo, amekurudishia nafasi, hakukudhalilisha.

Kwa wa ofisini na wa kwenye simu, muulize swali dogo kama hilo siku ya kwanza. Huhitaji jibu lenyewe. Unataka kuona anavyojibu. Wa hospitalini mara nyingi atajibu bila shida, kama mtu na mtu, na hapo anawazidi wenye ofisi. Kwa mchungaji tatizo linageuka: unamjua mno. Unajua mke wake, unajua deni la kanisa, unajua alikosana na nani kwenye baraza. Utasita kumwambia jambo linalomgusa mmoja wa hao.

Mkikutana sokoni

Mbeya ni jiji, lakini ukipita Mwanjelwa au Kabwe jioni utakutana na unaowajua. Iringa ndiyo kabisa, mji mzima unashuka na kupanda barabara zile zile.

Mwanasaikolojia amefundishwa asikusalimie kwanza hadharani, ili asiyekujua asianze kujiuliza mmefahamiana wapi. Ni kwa ajili yako. Lakini kama hukuambiwa, kupitwa bila salamu huku kwetu ni dharau, tena kubwa. Yule dada wa Mwanjelwa hakurudi tena kwa mshauri yule, na mimi sikumlaumu. Jambo hilo lilitakiwa kuzungumzwa siku ya kwanza, kwa dakika moja: "Tukikutana mjini, sitakusalimia mpaka unisalimie wewe. Ukinisalimia, nitaitika vizuri na kupita. Sawa?"

Ukienda ofisi binafsi na hajalisema, lianzishe wewe. Hospitalini hawalizungumzi kabisa, na muuguzi anaweza kukuita kwa sauti stendi: "Mbona hukuja Jumanne?" Ameuliza kwa upendo, na abiria wote wamesikia. Mchungaji utakutana naye Jumapili akiwa mimbarani, na kama siku hiyo mahubiri yatagusa jambo linalofanana na lako, hutasikia neno lingine lolote. Wa kwenye simu hapa anashinda moja kwa moja: aliyeko Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mbeya, na hutamkuta kwenye foleni ya bajaji.

Zawadi nazo ni vivyo hivyo. Mtu wa Rungwe anakuja na mkungu wa ndizi au maparachichi kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu. Mshauri akikataa kwa ukali anakuwa amekataa mtu. Apokee kidogo, aeleze kwa upole kwamba si lazima, yaishe.

Siri

Kwenye ushauri nasaha siri ina mipaka, na mshauri wa kweli anakutajia mipaka hiyo kabla hujaanza kuongea: kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, kama mtoto anaumizwa, hawezi kunyamaza. Asiyekuambia chochote kuhusu siri ni wa kuogopa kuliko anayekuambia ina mipaka.

Hospitalini maneno yako yanaandikwa kwenye faili au kompyuta, na wanaoweza kuyaona ni wengi kiasi. Pia kuna mlango. Kwenye vyumba vingi mlango haukai umefungwa. Mtu anachungulia kuuliza funguo ukiwa katikati ya jambo zito. Una haki ya kunyamaza mpaka atoke, na kuomba mlango ufungwe. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hilo linamhusu mwenye ofisi binafsi pia, hata yule anayekuandikia ujumbe wa WhatsApp kwa simu ambayo watoto wake wanachezea gemu. Muulize maandishi yake anayaweka wapi.

Kwa viongozi wa dini, tofautisha sana. Padre Mkatoliki akikusikiliza kwenye kitubio amefungwa kabisa. Sheria ya Kanisa inampa adhabu ya kutengwa akiivunja siri hiyo moja kwa moja. Lakini mazungumzo sebuleni kwake si kitubio. Kwa makanisa ya Kiprotestanti, ambayo ndiyo yenye mizizi mirefu huku (Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, mchungaji alikuwa msikilizaji wa watu hapa muda mrefu kabla hatujasikia neno saikolojia), suala la ndoa mara nyingi linafika kwa wazee wa kanisa. Mzee wa kanisa ana mke, mke ana kikundi cha kwaya. Sisemi wote wanatoboa siri. Nasema uulize kabla: "Hili litabaki kwako, au litapelekwa kwa wazee?"

Na kwenye ndoa kuna jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, na kiongozi wa dini kwa nafasi yake anavutia upande wa kupatanisha. Kama unapigwa, mtu mwenye shauku ya kuwapatanisha si wa kuanza naye. Anza na hospitali au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kwa simu, hatari iko upande wako. Nyumba ya kupanga, ukuta mwembamba, mwenye nyumba yuko kibarazani. Wengine wanaongelea shambani au ndani ya gari lililoegeshwa. Na kwa wa Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ya alasiri juu ya bati inatosha kuua kikao kizima: humsikii, yeye anadhani umenyamaza kwa uchungu. Panga vikao vya asubuhi.

"Siku ile uliniumiza"

Sasa lile swali. Mfano wa kusema: "Juma lililopita nilipokuwa nalia ulipokea simu. Niliumia, na nilifikiria nisirudi."

Majibu utakayoyapata ni ya aina tatu. Wa kwanza anajitetea: simu ilikuwa ya dharura, wewe una hisia kali, hiyo ndiyo shida yako tunayoifanyia kazi. Anayejitetea kwa hilo la mwisho, kwamba shida ni hisia zako, ni hatari kuliko wote, kwa sababu anaitumia tiba yenyewe kukunyamazisha. Wa pili anaomba radhi haraka haraka na kubadilisha mada. Wa tatu anaweka kalamu chini: "Pole. Nilikosea. Niambie ulijisikiaje nilipoipokea." Halafu anasubiri.

Nikiiweka milango minne hapa, siwezi kukuambia mlango upi una watu wa aina ya tatu, kwa sababu wamo kwenye yote. Ninachoweza kusema ni wapi ni rahisi kusema. Ofisi binafsi ni rahisi, unamlipa na anataka urudi; ila kwa sababu hiyo hiyo wapo wanaokubali kila unachosema ili usiondoke, na hilo nalo si tiba. Kwa simu ni rahisi zaidi, unaweza hata kuandika ujumbe ukiwa umetulia, lakini ni rahisi pia kwake kukuacha bila jibu. Hospitalini ni vigumu kwa sababu ya zamu. Huenda hutamkuta tena yule yule. Kwa mchungaji ndiko kugumu kuliko kote, maana kumwambia mtumishi wa Mungu "uliniumiza" inaonekana kama kulilaumu kanisa. Ukimpata mchungaji anayeweza kulisikia hilo bila kubadilika sura, mshike.

Mimi ningechagua hivi

Ukiwa hulali, huli, umekonda, unaongea peke yako, au familia inaogopa: hospitali, hata kama watakusalimia vibaya. Dawa na uchunguzi viko huko, na ustaarabu unaweza kuudai ukishapata nafuu. Kwa jeraha la zamani linalohitaji mtu mmoja kwa miezi, na una uwezo wa kulipa, ofisi binafsi. Uliza bei kabla ya kukaa, uliza alisomea wapi, na uliza nani anamsimamia. Ukiwa mwalimu, muuguzi, mtumishi wa halmashauri au mke wa mchungaji katika mji mdogo kama Vwawa, Makambako au Mafinga, ambako kila mtu anajua gari lako, chukua simu bila kusita. Msiba, hatia, au imani iliyotikisika: kiongozi wa dini, ukishamuuliza kuhusu wazee. Kwa mtoto, namba 116 inapokelewa bure nchi nzima.

Na ukiamua kumwacha, usipotee tu. Mwambie au mwandikie kwamba hutaendelea na kwa nini, hata kwa mistari miwili, na umwombe akuelekeze kwa mwingine. Kama alitoa siri yako, alikutaka kimapenzi au alikudhalilisha, hilo si la kuachana nalo kimya kimya: hospitalini anza kwa mganga mfawidhi au ofisi ya malalamiko, na kama ni daktari au muuguzi, yapo mabaraza ya taaluma zao yanayopokea malalamiko. Kwa mwenye ofisi binafsi, muulize siku ile ya kwanza kabisa, kabla hamjakosana: "Nikiwa na malalamiko juu yako, niyapeleke kwa nani?" Akikosa jibu, tafuta mwingine mapema, kabla hujamweleza mengi.